Huyu NA ni Nani?

Simu iliingia saa mbili na nusu asubuhi, chai yangu ikiwa bado nusu kikombe. Alikuwa muuguzi wa zahanati moja ya milimani, mama wa makamo ninayemfahamu kwa sauti kuliko kwa sura.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Barua zenu zimefika. Sasa nakuuliza, huyu NA ni nani? Nimempelekea hadi mwenyekiti wa kitongoji, naye hamjui." Kabla sijajibu akaongeza: "Na ile ya pili haina jina kabisa. Ndugu, halafu mkato, basi."

Kila mwezi mimi huletewa orodha za watoto waliopitisha tarehe ya chanjo ya surua. Programu niliyoiandika kwa lugha ya R husoma orodha ya kila zahanati, kisha huchapa barua, moja kwa kila mzazi, ikimkumbusha ampeleke mtoto. Mwezi ule zahanati zote zilipata barua zilizonyooka isipokuwa ya mama huyu. Nilipofungua faili lake nilikuta vichwa vya safu tu, na chini yake peupe. Hakuwa na mtoto hata mmoja aliyekosa chanjo. Yaani aliyefanya kazi vizuri kuliko wote ndiye niliyemtumia upuuzi.

Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja ambao nimeuandika mara nyingi kiasi kwamba vidole vinaujua bila mimi: for (i in 1:length(majina)). Maana yake, anza na 1, nenda hadi idadi ya majina, na kila hatua uchape barua. Orodha ikiwa na majina matano, 1:5 inatoa moja, mbili, tatu, nne, tano. Lakini orodha ikiwa tupu, idadi yake ni 0, na mstari unageuka kuwa 1:0. Mtu angedhani hapo hakuna cha kuhesabu. R haidhani hivyo. Inaona mwisho ni mdogo kuliko mwanzo, basi inarudi kinyumenyume: 1, kisha 0. Mzunguko ambao haukupaswa kuanza unakwenda mara mbili. Mara ya kwanza unaomba jina la kwanza la orodha isiyo na jina, unajibiwa NA, ndiyo namna ya R ya kusema thamani hii haipo. Mara ya pili unaomba jina la sifuri, na hapo hupewi hata hiyo NA. Unapewa utupu, nao unabandikwa baada ya neno Ndugu. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. La R huvuma mara mbili, wala halizidishi.

Na nilikuwa na bahati. Barua mtu huiona, huishika, hucheka, hupiga simu. Kama kazi ya mzunguko ule ingekuwa kujumlisha tu, moja ongeza moja, ripoti ingesema zahanati ile ina watoto wawili waliokosa chanjo. Mbili ni namba ya heshima kabisa. Haimshtui mtu. Ingepanda wilayani, ingepanda mkoani, na mama yule angeulizwa kwa nini ameanza kulegea.

Nukta mbili zile hazina hila, na sipendi kuzilaumu. Babu wa R ni lugha ya S, iliyoanza mwaka 1976 katika maabara za Bell huko Marekani, mikononi mwa John Chambers na wenzake. R yenyewe iliundwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo la 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000, siku ambayo kalenda huitoa kwa nadra. Hizi ni lugha zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele ya data yake, anaandika mstari mmoja, anatazama jibu, anaandika mwingine. Mtu huyo akiandika 10:1 anataka kumi ishuke hadi moja, na ni ungwana kumpa. Tatizo ni pale mstari uleule unapohamishiwa ndani ya programu inayojiendesha usiku, hakuna aliyekaa. Ukarimu unabaki, macho hayapo tena. Ni kama mtumishi anayejua kusema "ndiyo bwana" tu: ukimwagiza awaandalie chakula wageni kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na wageni hawakuja, atapakua sahani mbili.

Dawa yenyewe ni fupi. Badala ya 1:length(majina) unaandika seq_along(majina), na badala ya 1:n unaandika seq_len(n). Amri ya kwanza huitazama orodha yenyewe na kutoa namba kwa kadiri ya vilivyomo. Visipokuwemo haitoi namba hata moja, na mzunguko hauanzi. Ya pili ukiipa 0 hunyamaza vilevile, na ukiipa namba hasi hukataa waziwazi. Tofauti ya kuandika ni herufi chache tu. Tofauti ya tabia ninaifananisha na hodi. Kwetu mtu hupiga hodi, husubiri, hupiga tena. Ikifika ya tatu kimya, huondoka. Haingii kukaa kwenye kiti na kuzungumza na ukuta. Mstari wangu wa zamani uliingia bila hodi, ukazungumza na ukuta, ukaandika na majibu.

Kwa nini niliuandika miaka yote hiyo? Si kwamba sikujua. Nilikuwa nimesoma onyo hilo zaidi ya mara moja. Nadhani ni kwa sababu sikuwahi kuamini kwamba orodha inaweza kuwa tupu. Ukikaa ofisini unapokea upungufu kila mwezi, unaanza kuuona upungufu kama maji ya mtoni: utakuwepo tu, suala ni kina. Mstari wangu ulibeba dhana hiyo. Ulianza na 1 kabla ya kuuliza. Ulikuwa umekwisha kuamua kwamba katika kila zahanati kuna angalau mzazi mmoja wa kukumbushwa, na alipokosekana ukambuni.

Pengine pia ni malezi. Neno sifuri tulilipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni utupu. Lakini shuleni tulilijua kama fedheha. Aliyepata sifuri alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, na divisheni ziro ya kidato cha nne ilitajwa kwa kunong'ona kama ugonjwa. Hakuna aliyetufundisha kwamba kuna daftari ambamo sifuri ndiyo alama ya juu kabisa, na daftari la mama yule ni mojawapo.

Baada ya simu nilipekua programu zangu zote. Nilikuta ndugu wa kosa lile kwenye hesabu za uzito wa watoto, ambapo kila pimo hulinganishwa na lililotangulia, kwa hiyo mzunguko huanzia la pili: 2:n. Mtoto aliyepimwa mara moja tu, n yake ni 1, na 2:1 humpeleka kwenye pimo la pili ambalo hajapimwa, kisha humrudisha kwenye la kwanza alinganishwe na la sifuri. Pale programu ilikuwa imeshagoma mara kadhaa kwa maandishi mekundu, nami nikawa nairuka huku nikinung'unika. Sasa naona maandishi mekundu yalikuwa yakinihurumia.

Nikabadilisha kila mahali, nikalala vizuri. Mwezi uliofuata orodha ya mama ilikuwa tupu tena. Mzunguko haukuanza, barua haikuchapwa, bahasha haikwenda. Nikaona mambo yamekaa sawa. Siku ya nne simu ikalia.

"Mwanangu, mbona safari hii hamkuniletea kitu? Mmenisahau?"

Nilianza kumweleza kwamba hakuna barua maana yake hakuna aliyekosa chanjo, nikasikia namna ninavyojikwaa. Toka pale alipo, ukimya wangu ulikuwa na maana nyingi: gari halikupanda, orodha imepotea, kijana ameugua. Wanaofuatilia polio walilijua hili zamani. Vituo katika mtandao wao hutakiwa kuleta taarifa hata visipoona mtoto aliyepooza ghafla, na viandike sifuri vyenyewe, kwa sababu karatasi isiyofika haithibitishi kitu. Tena nchi isiyo na polio bado hutarajiwa kugundua angalau mtoto 1 aliyepooza kwa sababu nyingine katika kila watoto 100,000 walio chini ya miaka 15, kwa mwaka, ili ijulikane kwamba kuna watu wanaotafuta kweli. Tarehe 25 Agosti 2020, Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilipotangazwa kuwa haina tena polio ya asili, tangazo lile lilisimama juu ya sifuri nyingi zilizoandikwa na watu kama mama huyu.

Kwa hiyo kabla ya mzunguko niliongeza swali moja, if (length(majina) == 0), na jibu lake: ukurasa mmoja wenye jina la zahanati, mwezi, na maneno "Hakuna mtoto aliyekosa chanjo." Sikutia pongezi wala mapambo.

Nilipopanda kule katika mwezi wa tatu baada ya hapo, kurasa mbili za namna hiyo zilikuwa zimebandikwa ukutani kwa plasta ya vidonda, juu kidogo ya jokofu la chanjo. Kando yake ilikuwepo ile barua ya NA. Nikamwomba aitoe. Akakataa.