Uangalifu na Mmea wa Mashaka

Tangu tarehe 1 Aprili 2024 sheria ya Ujerumani yamruhusu mtu mzima kuotesha nyumbani mimea mitatu ya bangi kwa matumizi yake mwenyewe. Kwetu Tanzania jambo hilo ni kosa. Lakini swali si la mahakama tu.

Anayeanza kazi hiyo hujifunza uangalifu wa kustaajabisha. Udongo wa mche uwe mwepesi, upitishe maji, wala usijae mbolea, maana mbolea kali huunguza mizizi michanga. Mche hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70 hivi. Maua yakichanua yafaa ushuke hadi 40 au 50, la sivyo ukungu wa kijivu huyaozesha kutoka ndani, mwenyewe asitambue mpaka yameharibika. Basi hupima asubuhi na jioni. Laiti mihogo yetu ingetazamwa hivyo!

Je, uangalifu huo ni fadhila? Wako wasemao kwamba kazi ifanywayo vema ni njema. Sikubali. Uangalifu ni mtumishi, nao hupata hadhi kwa bwana autumikiaye. Mgonjwa atafutaye nafuu ya maumivu kwa shauri la daktari hayuko sawa na mtu atafutaye kusahau majukumu yake. Sheria ile yaagiza mimea ilindwe isifikiwe na watoto. Huhesabu mimea, haihesabu nia. Nia yabaki kwake baba, asomapo kipimo cha unyevu huku mwanawe akimwuliza nyuma ya mlango: “Baba, walima nini humo?”