Je, Mgeni Anadaiwa Nini na Maji ya Mwenyeji?



Katika toleo hili tutafakari swali ambalo wengi wetu hulijibu haraka mno. Mtu aliyefukuzwa kwao, anayeishi kwa hisani katika ardhi isiyo yake, ana wajibu wowote wa kuyalinda maji ya mahali hapo? Au kazi hiyo ni ya wenyeji na serikali, na mkimbizi ni wa kungoja tu siku ya kurudi nyumbani?

Tuchukue mfano wa mahali ambapo baadhi ya familia zetu zinapajua, yaani mpaka wa Busia na Tororo. Waliovuka Januari 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, walipokelewa Busia na Malaba. Wengine walikaa katika kambi ya muda ya Mulanda, Tororo, kabla ya kuletwa huku Kiryandongo mwaka huo huo.

Mto Sio unatoka upande wa Bungoma, chini ya Mlima Elgon. Unapita Busia, na katika sehemu fulani mto wenyewe ndio mpaka wa Kenya na Uganda. Kisha unaingia Ziwa Victoria katika Ghuba ya Berkeley. Upande wa Kenya iko Sio Port, upande wa Uganda iko Majanji. Wavuvi wa pande zote mbili hutupa nyavu katika maji yale yale, na samaki hawaulizwi kitambulisho.

Kila kinachotupwa mtoni mwisho wake ni ghubani: udongo wa mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, mbolea ya dukani, maji machafu ya mji, mafuta ya magari na pikipiki zinazooshewa mtoni, na kavera za sokoni. Ghuba si kama katikati ya ziwa. Maji yake hayana kina kirefu wala hayaondoki upesi, kwa hiyo uchafu ukiingia hukaa. Gugu maji lilipoenea Ziwa Victoria katika miaka ya 1990, ghuba ndizo zilizofungwa kabisa, mitumbwi ikashindwa kutoka. Fukusi wadogo walioletwa kulila gugu hilo walisaidia sana, na wanavijiji wa ufukweni walishiriki kuwafuga na kuwasambaza. Lakini gugu limerudi mara kwa mara, kwa sababu chakula chake, ambacho ni mbolea na maji machafu, tunaendelea kulimwagia.

Yapo pia mambo mabaya zaidi ya uzembe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watu fulani ziwani walianza kumwaga dawa za kuulia wadudu majini ili samaki waelee juu, wawaokote na kuwauza. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulikataa kununua samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Aliyemwaga sumu na ambaye hakuwahi kuigusa walikosa soko pamoja. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao.

Wenyeji hawakukaa bure. Pande zote mbili zilianzisha kamati za wavuvi, zinazojulikana kama BMU, za kusafisha mialo, kuandikisha mitumbwi na kuwataja wavunja sheria. Kamati hizo zimekuwa na misukosuko, na zile za Uganda zilisimamishwa mwaka 2015. Huko Sio-Siteko, penye vinamasi vinavyogawanywa na mpaka, wanavijiji wa Kenya na Uganda waliandaa mpango mmoja wa kuvitunza, wakisaidiwa na Mpango wa Bonde la Mto Nili. Walifahamu kwamba mafunjo ni chujio. Yanashika udongo na uchafu kabla haujafika ghubani. Ukiyalima au kuyachoma upande mmoja, upande wa pili hauwezi kuchuja peke yake.

Sasa turudi kwenye swali letu. Ziko hoja tatu ambazo mkimbizi huzitoa ili ajivue wajibu.

Ya kwanza husema, "Hii si nchi yangu." Hoja hii hudhani kwamba wajibu hutokana na kumiliki. Lakini mvuvi wa Majanji hamiliki ziwa, wala wa Sio Port halimiliki. Wanadaiwa kwa sababu wanalitumia, na kwa sababu yuko jirani anayekunywa baada yao. Mkimbizi naye anateka maji, anafua, anachimba choo, anakata kuni. Hati ya ardhi hana, lakini jirani anaye. Na jirani huyo ndiye aliyempokea alipokuwa hana hata sufuria.

Ya pili husema, "Ni kazi ya viongozi." Ni kweli, nao watatoa hesabu. Lakini someni Ezekieli sura ya 34 yote. Mwanzoni Mungu anawakemea wachungaji waliojilisha wenyewe. Kisha, kuanzia aya ya 17, anawageukia kondoo. Anawauliza kwa nini waliokwisha kunywa maji safi wanayavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, hata wenzao wanywe tope. Ubaya wa mchungaji haukumpa kondoo ruhusa ya kuchafua kisima.

Ya tatu ndiyo ngumu zaidi: "Mimi ni maskini. Watoto wangu wana njaa." Hapa tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mtu anayelima ukingoni kwa sababu hana shamba lingine hatuwezi kumweka kapu moja na tajiri anayeelekeza bomba la uchafu mtoni kwa kukwepa gharama. Aliyepewa nguvu nyingi atadaiwa mengi, na wakubwa wasitumie kosa la maskini kuficha lao. Hata hivyo, aliyeuza samaki wa sumu naye huenda alikuwa na watoto wenye njaa. Njaa yake inaeleza kwa nini alifanya vile, lakini haihalalishi, kwa maana alichokiuza kiliingia katika sahani ya mtoto wa maskini mwenzake. Umaskini unaweza kupunguza mzigo wa wajibu, ila hauufuti.

Wengine wataongeza kwamba sisi tu wapitaji, tunangoja kurudi kwetu. Yeremia sura ya 29 ni barua iliyoandikwa kwa watu wa namna hiyo hasa. Wayahudi walikuwa mateka Babeli, na barua ile ile iliyowaahidi kurudi iliwaagiza wajenge, wapande bustani na kuutakia amani mji uliowashika. Ahadi ya kurudi haikuwapa likizo. Mungu aliifunga amani yao pamoja na ya wenyeji wao.

Na sisi wa huku tumefungwa na wale wa mpakani kuliko tunavyodhani. Maji ya Sio yanaingia Ziwa Victoria, na Nili unatoka ziwani humo pale Jinja. Mto Malaba, unaopita mpakani Tororo, unaungana na Mpologoma na kwenda Ziwa Kyoga, ambako Nili pia unapita. Kisha Nili unakuja Karuma, kaskazini mwa makazi yetu, na kuendelea hadi Sudan Kusini, nyumbani kwa majirani zetu wengi hapa. Aliye juu ya mto ni mwenyeji wa fulani, na aliye chini ni mgeni wa fulani.

Basi mgeni anadaiwa nini? Tunaona ni mambo matatu. Asiongeze uchafu: choo kiwe mbali na maji, kavera zisitupwe kwenye mtaro, na ukingo uachiwe majani yake. Ashiriki kazi ya pamoja bila kungoja posho. Methali yetu inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na aseme anapoona maji yanaharibiwa, kupitia wazee wa kanisa na viongozi wa RWC, hata kama mkosaji ni mkubwa. Wageni wengi hunyamaza wakiogopa kufukuzwa, na hofu hiyo tunaielewa. Ndiyo maana jambo hilo lisiachiwe mtu mmoja. Kanisa liseme kwa pamoja.

Tunawaomba viongozi wa seli wayajadili haya wiki hii: Ni maji gani tunayatumia pamoja na wenyeji wetu? Ni nani anayekunywa baada yetu?

Bwana awabariki.