Mkate Ulioota Ukungu
(Yoshua 9:3-16)

Watu wa Gibeoni walipomwendea Yoshua huko Gilgali hawakuchukua mikuki. Walichukua magunia makuukuu, viatu vyenye viraka, na mkate mkavu ulioota ukungu, wakasema wametoka nchi ya mbali. Wakuu wa Israeli waliutazama mkate, wakasadiki; shauri la Bwana hawakulitaka. Siku tatu zilipopita wakasikia ya kuwa wageni wale ni jirani zao, nacho kiapo kimekwisha kuapwa.

Nayawaza hayo kila nisikiapo habari za simu hapa Mpui. Tangu M-Pesa ilipoanza katika nchi yetu mwaka 2008, mkulima auza mahindi yake, na fedha hukaa ndani ya simu, zikilindwa na tarakimu nne tu. Mwivi havunji mlango. Hupiga simu kwa sauti ya upole, hujiita mtumishi wa kampuni, husema fedha zimeingia kwako kwa makosa, tena hutaja jina lako. Huo ndio mkate wenye ukungu! Mtumishi wa kweli hana haja na namba yako ya siri.

Wengine hudhani kumficha mwenzako namba ni kukosa upendo. Mimi sioni hivyo. Kasha la sadaka likiwa na makufuli mawili, ufunguo mmoja kwa mtunza hazina, wa pili kwa mzee wa kanisa, hakuna aitwaye mwivi. Kufuli la pili lamlinda mtunza hazina na maneno ya watu. Vivyo hivyo katika WhatsApp. Tarakimu sita uletewazo kwa ujumbe ni ufunguo wa kwanza. Ukimpa mtu, ataingia na kuwaomba rafiki zako fedha kwa jina lako. Lakini ukiisha kuweka uthibitisho wa hatua mbili, ataulizwa namba nyingine uliyoichagua mwenyewe, naye atasimama nje. Usichague mwaka wa kuzaliwa. Huo umeandikwa hata katika cheti chako cha ubatizo.

Nanyi walimu, wako wazee wasiojua kusoma ambao humpa kijana wa dukani simu na namba pamoja. Msiwacheke. Kaeni nao baada ya ibada, waibadilishe namba kwa mkono wao wenyewe, ninyi mkiwa mmegeuza macho. Namba ya mwivi ipelekeni kwa ujumbe 15040. Kisha bonyezeni *106# pamoja nao, mwone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Na mkiona wasiyoijua, waende kwa kampuni ya simu ikafutwe.