Asiyeweza Kukimbia Yuko Shingoni mwa Nani?



Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilitikisika kwetu Rusizi. Nilikuwa na miaka mitano, nyumbani Nyakarenzo. Ninachokumbuka si mtikisiko wenyewe bali uwanja: watu wote wa nyumba yetu wamesimama nje karibu na migomba, wengine bila viatu, mama amenishika mkono mpaka unauma. Kisha mjomba akauliza, "Bibi yuko wapi?" Hakuna aliyemjibu. Bibi alikuwa ndani, kitandani, miguu ilikuwa imemkatalia tangu mwaka uliotangulia. Mjomba akarudi ndani akamtoa mgongoni. Walitoka salama, alhamdulillahi. Wapo ambao hawakutoka: upande wetu wa Rwanda, Rusizi na Nyamasheke, waliofariki walizidi 30, baadhi yao wakiwa kanisani kwenye ibada, na ng'ambo ya mto, Bukavu, nako kulikuwa na msiba. Saa chache baadaye ardhi ikatikisika tena.

Mtikisiko huo wa pili ndio unaofanya swali langu liwe gumu. Mwongozo wa tetemeko unasema: ukishatoka kwenye nyumba iliyopata nyufa, usirudi. Kanuni hiyo ina haki yake, kwa sababu ukuta uliosalimika mara ya kwanza huenda usihimili mara ya pili, na anayerudi anaweza kuwageuza waliokufa kutoka mmoja hadi wawili. Je, mjomba alikosea?

Nililileta swali hili kwenye darsa yetu hapa chuoni, na tukagawanyika. Baadhi walishika aya ya 195 ya Suratul-Baqara, inayotukataza kujitupa kwenye maangamizi kwa mikono yetu. Wengine wakashika aya ya 32 ya Suratul-Maida, kwamba anayeihuisha nafsi moja ni kama amewahuisha watu wote. Tulibishana mpaka adhana ya Isha ikatutenganisha. Niliporudi chumbani nikaona kwamba sote tulianza kuhesabu saa kwa kuchelewa. Tulimchukua mjomba akiwa tayari uwanjani, nyumba ina nyufa, bibi yuko ndani, tukamuuliza afanye nini. Hatukuuliza ilikuwaje watu saba wazima wakatoka kwenye nyumba moja bila hata mmoja kujua kwamba bibi ni wake.

Hebu tazama maagizo ya hatari yalivyo. Lori la mafuta likipinduka barabarani: usisogee, usiwashe chochote, ondoka kuelekea unakotoka upepo, na ukiwa mbali ndipo upige 112. Gesi nzito ikitoka ardhini: panda juu, usibaki bondeni. Kipaza sauti kikitangaza: fuata njia uliyoelekezwa. Ni maagizo mazuri na yameokoa watu. Lakini ndani ya kila agizo kuna mwili uliokusudiwa: mwili unaoona, unaosikia, unaotembea, ulio macho. Kiziwi hakusikia kipaza sauti. Mama aliyejifungua juzi hawezi kupanda mlima mbio.

Wenzetu wa Goma wana neno lao, mazuku, kwa ile hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutuama kwenye mashimo na mabonde. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hulala chini. Mtu mzima anaweza kusimama mahali akavuta pumzi bila wasiwasi, na mtoto aliye karibu na magoti yake akawa anazama kwenye gesi hiyohiyo. Sijapata mfano ulio wazi zaidi ya huu: hatari ni moja, mahali ni pamoja, ila urefu wa mtu ndio unaoamua. Na Nyiragongo ulipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, watu wakakimbia, zaidi ya watoto 150 walipotezana na familia zao, kwa taarifa ya UNICEF. Wazazi wao hawakuwa wabaya. Walikimbia kama wanavyokimbia watu.

Atasema mtu: aliokimbilia mafuta ameyataka mwenyewe. Tunakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori lilipopinduka, watu wakaenda kuchota, na waliofariki wakapita 100. Lakini kumbuka pia Sange, Kivu ya Kusini, kwenye bonde letu hilihili la Rusizi, tarehe 2 Julai 2010. Zaidi ya watu 200 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wameketi ukumbini wakitazama Kombe la Dunia. Moto haukuuliza nani alibeba dumu. Sitaki kukaa sana hapa, maana kumlaumu maiti ni kazi rahisi na haimwokoi aliye hai.

Mwingine atasema ni kadari. Jibu lake alishalitoa Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akasikia kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamweleza kwamba anatoka kwenye kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akampa mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde la pande mbili, moja lenye majani na moja kavu: popote atakapochunga, ni kwa kadari hiyohiyo. Mimi naongeza swali dogo tu: na ngamia aliyevunjika mguu, nani atampeleka kwenye majani?

Katika Suratun-Nisaa, Mwenyezi Mungu anawalaumu waliobaki mahali pa dhulma na hali ardhi Yake ni pana. Kisha, katika aya ya 98, anawatoa kwenye lawama wanyonge, wanaume, wanawake na watoto, wasio na hila wala njia. Makundi hayo matatu yametajwa kwa maneno yaleyale nyuma kidogo, aya ya 75, ila pale wanaoulizwa ni wenye nguvu: mna nini hamwapiganii? Najua aya hiyo ilishuka kwa jambo la vita, na sidai tafsiri mpya, wanazuoni wapo. Ninachokiona ni kwamba mnyonge amesamehewa kukimbia, lakini mzigo wake haukufutwa. Umehamishwa. Uko shingoni mwa anayeweza.

Tumezoea kuuita mzigo wa namna hii fardhi kifaya, na hapo ndipo tunapolala. Kila mmoja anadhani mwenzake ameshaitekeleza. Lakini mafakihi wanasema pia kwamba ikiwa hakuna mwingine ajuaye wala awezaye isipokuwa wewe, basi imekuwa fardhi ayn juu yako. Bibi kitandani, na watu saba uwanjani kila mmoja akimtegemea mwenzake: hiyo ndiyo fardhi kifaya isiyo na jina la mtu. Na kama sala, wajibu huu una wakati wake, nao ni kabla. Mjomba aliulipa kama kadhaa, kwa hatari ya roho yake, kwa sababu sote tuliuchelewesha.

Wazee wa milima yetu walilijua hili bila kitabu. Walikuwa na ingobyi, machela ya kusukwa, na majirani walijiunga katika vikundi vya kumbeba mgonjwa hadi kwa tabibu, awe wa dini gani. Mtu alijua zamu yake kabla ya homa kuja. Leo tuna gari la wagonjwa kwa kupiga 912, jambo la kushukuru, lakini gari halipandi hadi mlangoni kwa kila mtu, na haliji kabla ya dakika zile za mwanzo.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Likizo iliyopita, baada ya umuganda, niliomba ruhusa kwenye isibo yetu tuandike karatasi moja: nani hawezi kukimbia, na nani atamwendea, mchana na usiku. Tulipata watu wanne. Watatu walipata majina upesi. Wa nne ni mzee asiyesikia, anakaa peke yake mwisho wa njia, chini karibu na kijito. Kijana wa nyumba ya jirani alisema yeye yuko tayari usiku na siku za mapumziko, ila Jumatatu hadi Ijumaa mchana yuko shule. Tulitazamana. Mchana wa siku hizo tano bado hauna jina kwenye karatasi, nami nimesharudi chuoni.