Je, Hao Wengine Hakuwapenda?

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43, 19 walikufa. Hapa Kunduchi tulimshukuru Mungu kwa waliopona. Mama mmoja akatuuliza: "Hao wengine hakuwapenda?" Tulinyamaza.

Yesu alikataa kusema kwamba wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walizidi wengine kwa dhambi. Basi nasi tusiseme kwamba waliopona walizidi kupendwa.

Wavuvi wa Bukoba, kama hawa wetu, waliiendea ndege kwa mitumbwi bila kuuliza nani anastahili. Shukrani yetu na iwe hiyo: kumwendea anayezama, na kukaa na waliofiwa.