Je, Nibadilishe Prosesa?

Kwa miezi mitatu nimekuwa na swali moja dogo: nibadilishe prosesa ya kompyuta ninayochezea gemu, au niache? Najua wengi wenu huja hapa kusoma habari za riwaya na mashairi, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Nilidhani ni swali la pesa na ufundi tu. Kumbe lilikuwa swali la maadili, na mtihani wenyewe sikuufaulu vizuri.

Naishi Lusahunga, wilaya ya Biharamulo. Kama umewahi kupanda basi la kutoka Dar kwenda Bukoba, umepita hapa, pengine ukiwa usingizini. Barabara inayotoka Kahama na Nyakanazi inagawanyika hapa: mkono mmoja unakwenda Biharamulo na Bukoba, mwingine unakwenda Ngara hadi mpaka wa Rusumo. Malori ya Rwanda, Burundi na Congo hupumzika hapa, na mji unaishi kwa mapumziko yao: mama ntilie, gesti, mafundi wa matairi. Mimi nina steshenari. Natoa kopi, naskani vyeti, nachapa barua za maombi, na madereva nawawekea nyimbo kwenye flashi.

Mashine ninayo moja tu, Dell OptiPlex 7010, kompyuta ya ofisini iliyoingia nchini kama mtumba. Ndani yake kuna prosesa ya Intel Core i5-3470, ya mwaka 2012. Niliiongezea RAM ikafika GB 8, nikaweka na kadi ndogo ya picha, GTX 1050 Ti. Mchana inachapa CV za watu. Usiku, nikishafunga mlango, inacheza GTA V.

Ilicheza vizuri mwaka mzima. Au niseme kwa uangalifu: mimi nilifurahi mwaka mzima. Kisha fundi mmoja akanionyesha jinsi ya kuweka namba kwenye kona ya kioo, namba inayohesabu fremu kwa sekunde, na pembeni yake asilimia za kazi ya kila kifaa. Tangu usiku ule sikuitazama tena gemu, nilitazama ile kona. Nikiendesha gari katikati ya mji namba inashuka kutoka 60 hadi 38, kisha kila kitu kinaganda nusu sekunde. Prosesa iko asilimia 100, kadi ya picha iko 55, inasubiri. Mkosaji alionekana waziwazi.

Dawa nayo ilijulikana. Prosesa ya i7-3770 inaingia kwenye soketi ileile. Ina kore nne kama i5 yangu, lakini kila kore inaweza kushika kazi mbili kwa wakati mmoja, na gemu kama ile inanufaika hapo. Mdogo wangu ni utingo kwenye lori la Dar na Kigali. Aliulizia Kariakoo, akaambiwa laki na thelathini, iliyotumika. "Braza, tuma hela nikuletee," akasema. Ana haki ya kusema hivyo, maana ndiye mwenzangu wa gemu. Lori lao likilala hapa, tunapokezana hadi usiku wa manane. Mtu anayeshinda kwenye foleni za mizani na mipaka anataka masaa mawili matatu ya kitu kinachokwenda bila kusimama. Hilo nalielewa.

Watu wazima wa hapa wangenijibu kwa sentensi moja: ridhika na ulichonacho. Jibu hilo silipendi. Kwanza, mahubiri ya kuridhika hupelekwa zaidi kwa wenye kidogo. Pili, kuridhika na uzembe ukiviangalia kwa mbali vinafanana. Nilipofungua kasha la mashine, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na nusu, nilikuta vumbi la yadi ya malori limejaa kwenye feni kama sufi. Ile pesti inayopakwa juu ya prosesa ilikuwa imekauka, inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Nilisafisha, nikapaka nyingine. Joto likashuka, na kuganda kukapungua. Sehemu kubwa ya nilichokiita uchakavu wa prosesa ilikuwa uvivu wangu mwenyewe.

Kulipungua, lakini hakukuisha. Kwa hiyo tamaa yangu haikuwa ya uongo: kasoro ipo, inapimika, na ina tiba. Kwa upande mwingine, hata nikiweka i7 hiyo bado ni ya kizazi cha tatu. Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ningekuwa namnunulia mzee viatu vipya. Lakini mzee naye si anatembea? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikibishana na nafsi yangu kila usiku, na kila usiku upande mmoja ukishinda, kesho yake kesi inafunguliwa upya.

Katikati ya mabishano hayo alikuja dada mmoja kutoka upande wa Nyakahura, kwa bodaboda, jioni. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi fulani. Nikamskania vyeti, nikawasha intaneti ya simu yangu, tukaanza kujaza fomu. Ilikuwa na kurasa tano. Tulikuwa kwenye ya tano umeme ulipokatika. Kompyuta ya mezani haina betri, ikazimika hapohapo, na kila tulichojaza kikaenda nayo. Vyeti vilivyoskaniwa vilikuwa ndani ya mashine. Tukajaribu kupiga picha vile vya karatasi kwa simu, fomu ikazikataa, inataka PDF. Tulihangaika mpaka simu ikabaki na chaji ya asilimia nne. Dirisha la maombi lilifungwa saa sita usiku. Umeme ulirudi alfajiri.

"Basi kaka, bahati mbaya," alisema, akanipa elfu mbili ya kuskani.

"Pole dada. Ndio umeme wetu huu." Na elfu mbili nikaipokea.

Usiku uliofuata nilikaa kucheza. Namba ikashuka hadi 41, nikasonya. Hapo ndipo nilipojishtukia. Mgando wa nusu sekunde nilikuwa nimeupima, nimeutafutia chanzo, dawa na bei. Kuzimika kwa mashine mbele ya wateja sikuwahi kukuhesabu hata mara moja. Nilipolazimisha kumbukumbu, nikapata mara nne ndani ya mwezi mmoja: huyu dada, mzee mmoja na barua yake ya shauri la shamba, mwalimu aliyekuwa akichapa mtihani, na dereva aliyeondoka na flashi iliyoharibika. Kila mmoja alisema bahati mbaya, nami nikaitikia. UPS ya kawaida, VA 650, ingeipa mashine dakika chache za kumalizia kazi, kuihifadhi na kuzima taratibu. Bei yake haipishani sana na ya prosesa. Hilo nilikuwa nalijua siku zote.

Yaani mashine ilikuwa na kasoro mbili. Iliyonipata mimi nikaiita tatizo. Iliyowapata wengine nikaiita bahati mbaya.

Wahenga walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikuwa naisikia methali hii kama onyo kwa mtu mwenye haraka ya kusema maisha ya wenzake. Sasa naisikia pia kama maelezo ya jinsi tunavyopima. Kunguni wa kitanda changu nawajua kwa idadi. Wa kitanda cha jirani nawajua kwa habari tu. Adam Smith, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1759, alitoa mfano wa mtu anayesikia kwamba China yote imemezwa na tetemeko la ardhi. Atasikitika, atasema maneno mazuri juu ya udhaifu wa binadamu, kisha atalala fofofo. Mtu huyohuyo akijua kwamba kesho atapoteza kidole chake kidogo, halali. Smith hakuishia hapo kwa kutukatia tamaa. Aliuliza: kama hisia zetu ni za karibu namna hii, ni nini basi kinachotuzuia kuuza China kwa kidole? Jibu lake ni kwamba ndani yetu kuna mwamuzi anayetukumbusha kuwa sisi ni mtu mmoja tu kati ya wengi. Mimi naongeza kwa uzoefu wa Lusahunga: mwamuzi huyo anafanya kazi kwa ushahidi anaoletewa. Ukimletea namba za kidole peke yake, atakuhukumia kidole.

Nadhani ni sababu mojawapo ya sisi kusoma riwaya. Kwa kurasa mia mbili unalazwa kwenye kitanda cha mtu mwingine, na kunguni wake wanakuuma wewe.

Mtu anaweza kuniambia: kwa hesabu hiyo hutacheza gemu milele, maana daima kutakuwa na mtu mwenye shida kubwa kuliko mgando wako. Hoja hii ni nzito na siidharau. Starehe si dhambi, na mtu aliyefanya kazi tangu asubuhi ana haki ya usiku wake. Lakini dada yule hakuwa mtu wa mbali. Alikaa kwenye kiti changu, mbele ya mashine yangu, akanilipa. Mashine ile inajinunua kwa hela za watu kama yeye, na hata gemu ninayocheza usiku imelipiwa na kopi za mchana. Lile swali tulilozoea, "nahitaji au nataka tu?", halikunisaidia, kwa sababu mbele ya kioo, peke yangu, nilikuwa hakimu, shahidi na mdai. Lililonisaidia ni hili: kitu hiki kikishindwa kazi, nani anaumia, na nani anaweka hesabu?

Nikampigia mdogo wangu, nikamwambia alete UPS.

"Kwa hiyo gemu itaendelea kuganda?"

"Itaganda."

Akanyamaza kidogo. "Umekuwa mchungaji lini, braza?"

Sikuwa na jibu, na sikupenda alivyouliza, kwa sababu hata yeye alikuwa mtu aliyenitegemea kwa kitu fulani, na uamuzi wangu umemnyima. Haki niliyomtendea mteja imelipiwa kidogo na starehe ya ndugu yangu. Sidhani kuna namna ya kuliondoa hilo.

UPS iko chini ya meza sasa. Juzi umeme ulikatika wakati bwana mmoja anachapisha mkataba wa kuuza kiwanja. Kile kidude kikalia pi, pi, nikahifadhi kazi, nikazima. Yeye hakujua kama kuna kilichookolewa, akalalamika kwamba nachelewa.

Namba ya kona nimeiondoa kwenye kioo. Badala yake, nyuma ya daftari la madeni nimeanza kuandika kila kazi ya mteja inayoharibikia mikononi mwangu, tarehe na sababu. Mstari wa kwanza ni wa dada wa Nyakahura, pamoja na elfu mbili yake, ambayo nitamrudishia akipita. Wa pili ni skana inayokata pembe za vyeti. Prosesa bado naitaka, sitadanganya. Nimeiandika ya tatu.