Bastola Chini ya Mto



Kijana wetu mmoja, mzaliwa wa Tanga, ambaye kwa miaka kadhaa sasa ana duka huko Nyaishozi, wilayani Karagwe, ametuletea swali. Anasema wafanyabiashara wenziwe wawili wamekata leseni za bastola, nao wanamshauri afanye vivyo hivyo. Mkewe hataki. Amemwambia, "Mimi nalala na watoto wadogo. Siwezi kulala na mauti chini ya mto." Basi kijana anauliza: nani mwenye haki baina yao? Na akinunua, achague ya namna gani? Na je, kuna ubaya kujifundisha kulenga shabaha?

Nyumba nyingi za mwambao zina mtoto aliyekwenda bara kutafuta riziki, na hofu yake ya usiku ni hofu yetu. Kwa hiyo tutalijibu swali hili mbele ya wote.

Kwanza, tusimcheke kwa hofu yake. Nchi ile imeionja silaha. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaikalia ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na Kampala haikuanguka mpaka tarehe 11 Aprili 1979. Mwaka 1994 maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Ngara na Karagwe. Wengi wao walikuwa watu wanyonge wasio na hatia. Lakini vita vikipita huacha bunduki nyuma yake, kama mafuriko yaachavyo tope, na mkoa wa Kagera uliujua ujambazi wa njiani kwa miaka mingi. Ndiyo sababu mataifa ya sehemu hizi yalitia sahihi Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, ili kuzuia silaha ndogo ndogo zisizagae.

Pili, dini haimwambii mtu akunje mikono anapoporwa. Tumefundishwa kwamba anayeuawa akiitetea mali yake au watu wake amekufa shahidi. Na sheria ya nchi yetu, iliyotungwa upya mwaka 2015, inamruhusu raia kumiliki silaha kwa leseni baada ya kuchunguzwa. Hatuwezi basi kusema kwamba bastola yenye leseni ni haramu. Kulenga shabaha nako ni mchezo wenye sifa, kwani Mtume (S.A.W.) aliwakuta watu wakishindana kutupa mishale akawatia moyo. Lakini huyo huyo alimlaani afanyaye kiumbe hai kuwa shabaha. Aliamrisha apitaye msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake zisije zikamdhuru mtu. Na alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha hata kwa mzaha. Tazama basi: mshale hakuukataza. Aliufundisha adabu mkono unaoushika.

Hapa ndipo penye swali lenyewe. Wako wasemao kwamba silaha ni chombo tu, kama jembe. Lakini jembe halimshawishi mtu kulima. Bastola ikikaa kiunoni humnong'oneza mwenyewe.

Tunacho kisa kinachopita nchi hiyo hiyo ya Karagwe. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza Speke, akiwa na msafara uliotoka Unguja, alikaribishwa huko na mfalme Rumanika. Mwaka 1862 akaendelea mpaka Buganda, akampa Kabaka Mutesa zawadi ya bunduki. Speke mwenyewe ameandika kwamba Kabaka alishindilia moja kwa mkono wake, akampa kijana mtumishi, akamwamuru atoke uani akampige mtu. Kijana akatoka, kisha akarudi na furaha ya mtoto aliyeshinda mchezo. Hapakuwa na ugomvi wala kesi, wala hakuna aliyejali kuuliza aliyepigwa ni nani. Silaha ilikuwa mpya, na watu walitaka kuijaribu. Tusiseme upesi kwamba sisi si Mutesa. Ni nani anunuaye kitu kwa fedha nyingi asitamani kukiona kikifanya kazi?

Ama kuhusu kuchagua, maneno ni machache. Iko bastola ya kasha linalozunguka, ichukuayo risasi tano au sita, na yule anayeijua anaweza kulifungua kasha akaona kama mna risasi. Iko na ile ya magazini, ichukuayo risasi nyingi zaidi. Hii ina hila yake: ukiitoa magazini, risasi moja huweza kubaki ndani ya mtutu, na mtu akadhani ameshika chuma kitupu. Wengi wameua wapenzi wao kwa kosa hilo. Bastola zote zina mtutu mfupi, na kwa hiyo ni ngumu kulenga kuliko bunduki ndefu. Mtu asiyejizoeza kwenye uwanja wa shabaha, chini ya mwalimu, hana bastola. Ana mlio tu.

Sasa tuufikiri usiku wenyewe. Ni saa nane, mlango unagongwa kwa nguvu. Giza limetanda na mkono unatetemeka. Huenda ni jambazi. Huenda pia ni jirani ambaye mkewe ameshikwa na uchungu. Na risasi ikikosa hupenya ukuta wa fito na udongo, ikaingia chumba walicholala watoto. Kama umeifungia kabatini bila risasi, kama busara itakavyo, haitafika mkononi kwa wakati. Kama umeiweka karibu na risasi ndani yake, basi iko karibu na mtoto pia. Silaha iliyo tayari kwa mwizi iko tayari kwa mwanao.

Na iko tayari kwako wewe mwenyewe siku ya huzuni. Marekani, nchi yenye bunduki nyingi mikononi mwa raia, watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Adui waliyejiwekea silaha hakufika. Ilifika ghadhabu au majonzi.

Kwa hiyo twamjibu kijana wetu hivi. Sheria iko upande wako, lakini haki iko karibu zaidi na mkeo. Kabla ya kuchagua bastola, jichague wewe. Muulize mkeo, si rafiki zako, una hasira kiasi gani. Usilaze fedha ya duka nyumbani. Ipeleke benki au iweke kwenye simu. Tia taa nje. Na ujenge ujirani. Watu wa huko wana yowe lao la kuomba msaada, waliitalo enduru. Yowe hilo huitikiwa na wengi likipigwa na yule ambaye naye huamka wenziwe wanapolipiga.

Utasema majirani hawafiki kabla ya jambazi. Ni kweli, wala hatukuahidi usalama, kwani hakuna awezaye kuuahidi. Lakini mali iliyoibwa ni hasara ya dunia, nayo hulipika. Damu ya mtu asiye na hatia huifuata shingo yako mpaka mbele ya Mola wako. Na ukiisha kupima yote haya ukaona huna budi, basi kata leseni, jifunze, ifunge, usiionyeshe watu, na umwombe Mwenyezi Mungu ufe siku yako bila kuwahi kuitumia.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu walioko mbali. Amin.